Yule jamaa na lidroni lake: leo kanikuta uani na taulo!

Wakuu, salamu baadaye. Naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Simtaji. Sina haja, humu hakuna asiyemjua. Ni yule yule. Tangu anunue lile lidude hakuna bustani iliyopona.

Asubuhi nimetoka kuoga, nimejifunga taulo, naenda nyuma ya nyumba kuanua nguo ya ndani kwenye kamba. Uani kwangu! Ukuta umezunguka, geti lina kufuli. Nasikia zzzzz. Nikajua nyuki, nikapunga mkono kumfukuza. Kutazama juu, lidroni! Usawa wa paa, limetulia hewani kama limepigiliwa msumari, jicho limenikodolea. Nalitazama, linanitazama. Taulo nalo likaona hapa si pake, likaondoka.

Sasa sikieni. Likainamisha jicho. LIKAINAMISHA JICHO! Kamera ilikuwa usoni kwangu, ikashuka taratibu kama mtu anayesoma barua, ikafika ilikofika, ikatulia. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kusomwa hivyo.

Nimekwenda kumgongea, anajibu dirishani: "Anga ni ya wote, jirani. Na sijavuka mita 120." Mita 120! Ungekuwa mita 120 ningekuona, wewe?

Wanasheria, nina manati. Naruhusiwa?

KobeMzee: Pole sana mkuu. Video ipo? Naulizia kama ushahidi.

Mama Pacha: Yaani mkono ulioshika taulo ndio ukapungia nyuki 😂😂 Nimeulizwa kazini nina nini.

Wakili_wa_Kijiweni: Weka manati chini. Marekani droni inahesabiwa chombo cha anga, ukiitungua mshtakiwa ni wewe. Ila jirani kakupiga fiksi. Hizo mita 120 ndizo kikomo cha kwenda juu huko Uingereza na Ulaya, si ruhusa ya kushuka kuchungulia watu. Na anga si ya wote mpaka kwenye nyasi. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Causby, mfugaji wa kuku. Ndege za jeshi zilikuwa zinapita futi 83 juu ya shamba lake, kuku wanajibamiza ukutani kwa woga, wakafa kama 150. Mahakama ikasema ule usemi wa kale kwamba ardhi yako inakwenda mpaka mbinguni umepitwa na wakati, lakini anga ya chini unayoihitaji kutumia ardhi yako ni yako. Akalipwa fidia.

Mleta mada: Kwa hiyo mpaka nife kama kuku ndio nilipwe?

Chungu_cha_Tatu: Usimpe matumaini. Uingereza miaka ya 1970 Lord Bernstein alipigiwa picha nyumba yake kutoka kwenye ndege, kisha wapigaji wakamletea AINUNUE. Akashtaki, akashindwa. Mleta mada, ukisikia hodi ujue ndiyo albamu.

Wakili_wa_Kijiweni: Malizia basi. Jaji alisema angekuwa anachunguliwa kutwa kucha, kila anachofanya kinapigwa picha, huenda ingekuwa kero ya kushtakiwa. Mleta mada, andika tarehe na saa kila linapokuja.

Mleta mada: Nitaandika. Lakini jamani, likainamisha jicho. Mbona hapo mnapapita haraka?

Mdau Ukutani: Heri lako lina jicho tu. Wangu gari lake lina king'ora, paka akipiga chafya kinalia mpaka alfajiri. Mwenyewe analala fofofo.

Mama Pacha: King'ora kina nafuu, kinanyamaza. Mimi mti wa jirani umepandwa kwake, majani yote yanaangukia kwangu. Nafagia kama nimeajiriwa.

Wakili_wa_Kijiweni: Kwa sheria za Uingereza, tawi likivuka mpaka unalikata. Ila tawi lenyewe bado ni mali yake.

Mama Pacha: Nifagie, nikate, kisha nimpelekee?!

Mleta mada: Wakuu, nalisikia tena. Nguo bado iko kwenye kamba. Nipo chini ya meza.

Mdau Ukutani: Subiri kidogo mkuu, tumalize la matawi. Wakili, na majani makavu nayo ni mali yake?