Mrejesho: mishikaki ya ng'ombe iliyokuwa migumu

Wakuu, niliuliza kwa nini mishikaki ya ng'ombe inaungua nje na ndani inabaki kama mpira. Asanteni sana, imelainika.

Kilichosaidia zaidi ni papai bichi. Kwa kilo 1 ya steki, kijiko kimoja kikubwa cha papai lililosagwa na maganda yake, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na mafuta kidogo. Iache saa 1 hadi 2 tu. Aliyeshauri ilale usiku kucha, hapana: papaini, kimeng'enya kilicho kwenye utomvu wa papai, huvunja protini mfululizo, na nyama hugeuka uji juu huku katikati haijaguswa. Papai lililoiva halifanyi kazi hiyo vizuri, utomvu wake umepungua.

Kata vipande vya sentimita 3, ukikatisha nyuzi. Usivibane kwenye kijiti.

Kuungua kulitokana na rojo la ukwaju lenye sukari. Sasa linapakwa dakika 2 za mwisho. Mkaa nao usubiri mpaka ushike majivu meupe, kisha usogeze upande mmoja. Mafuta yakidondoka na moto ukilipuka, hamishia mishikaki upande usio na mkaa.

Ya mbuzi bado sijaijaribu. Kiasi cha papai ni kilekile?