Uzi: Tupeane uzoefu wa Railcard na tiketi za vipande kwa tunaopanda treni Uingereza

Mwanamtama
Wadau, salaam. Jana jioni nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la tiketi pale Reading. Mbele yangu kulikuwa na binti wa kwetu, sanduku bado lina kile kikaratasi cha uwanja wa ndege, anakwenda Cardiff kuanza chuo. Akatajiwa nauli. Akauliza tena. Kisha akafungua leso akaanza kuhesabu noti, akazihesabu mara ya pili kama vile zingeongezeka. Mimi nilikuja nchi hii 2016 na noti zangu nimezifunga hivyohivyo, na niliilipa nauli ile bila kujua kwamba kuna njia nyingine.

Nikamtoa kwenye foleni. Tukakaa kwenye benchi, tukamfungulia Railcard ya 16-25 (ya vijana wa umri huo) kwenye simu yake: picha, namba ya pasipoti, £35, imekwisha. Kadi inakata theluthi ya nauli mwaka mzima. Safari moja haikuirudisha pesa yote, ila akienda na kurudi likizo ya Krismasi kwa shangazi yake itakuwa imeshajilipa.

Nimelala nikiwaza wangapi wanalipa nauli kamili kwa sababu hakuna aliyewaambia. Leteni uzoefu wenu, mlipofanikiwa na mlipoumia.

Msafiri_wa_Didcot
Jina langu linajieleza. Miaka mitatu nimekaa Bristol nafanya kazi London siku mbili kwa wiki, na Didcot Parkway, stesheni iliyo njiani, ndiyo iliyoniokoa. Asubuhi nauli ya Bristol hadi Paddington, stesheni ya London, inauma. Ukikata tiketi mbili, Bristol hadi Didcot, halafu Didcot hadi London, jumla inashuka sana. Kiti kilekile, treni ileile, hushuki. Treni inasimama Didcot dakika moja, wewe unaendelea na chai yako.

Sharti ni moja na mlishike: LAZIMA treni isimame kwenye stesheni ambako tiketi zako zinaungana. Ikipita bila kusimama, tiketi zako ni karatasi tu. Kifungu cha 14 cha masharti ya usafiri ya National Rail kinasema hivyo. Kwa hiyo ni halali kabisa, mtu asikutishe kwamba ni ujanja wa wizi.

Nesi wa Coventry
Kweli tupu. Mimi nilidhani ni wizi, mwaka mzima naogopa kumwangalia mkaguzi usoni.

Otieno Leicester
Sisi na mke wangu tuna Two Together. £35 watu wawili, theluthi kwa wote. Lakini siku za wiki haitumiki kabla ya saa tisa unusu, msisahau hiyo.

Bi Shufaa
Saa tisa unusu alasiri?

Otieno Leicester
Asubuhi.

Bi Shufaa
Basi sema saa tatu na nusu asubuhi. Andika Kiswahili sawasawa. Mwaka jana kuna mtu alimwandikia shemeji yangu hivyohivyo, "baada ya saa tisa na nusu", naye akajipanga kutoka nyumbani alasiri. Hitma ilikuwa adhuhuri. Alifika watu wanakunja majamvi.

Otieno Leicester
Pole kwa hilo, mama. Huku kwetu tunasoma saa jinsi ilivyo ukutani. Ila nimekuelewa: saa tatu na nusu asubuhi.

Na kosa letu lilikuwa hili. Kadi ile ina picha mbili, na wote wawili lazima msafiri pamoja. Siku moja mtoto akaamka na homa, mke akabaki, nami nikapanda peke yangu na tiketi yangu iliyopunguzwa. Mkaguzi akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikasema yuko nyumbani na mtoto mgonjwa. Akaniangalia kwa huruma kabisa, na bado akaniandikia faini.

Kijana wa Moshi
Mimi ya kwangu iliisha muda siku mbili kabla. SIKU MBILI. Faini ya England sasa ni £100 juu ya nauli, ukilipa ndani ya siku 21 inakuwa £50 na nauli. Niliikopa. Wekeni kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla kadi haijaisha.

Na nyie wa miaka 25 na 30, sikilizeni: nunua kadi siku ya mwisho kabla ya kutimiza 26, itakufikisha karibu 27. Ile ya 26-30 vilevile, nunua siku moja kabla ya kutimiza 31.

MamaZuu
Sikutaka kuandika, lakini nilipoona neno Didcot mkono umetetemeka.

Ilikuwa siku ya wiki, alfajiri. Nikapigiwa simu kwamba mama mdogo amefariki Bristol na watamzika baada ya Alasiri. Binti zake wakasema, dada, tunakusubiri wewe kuosha, mkono wako ndio tunaoujua. Mama mdogo ndiye aliyenipokea nchi hii. Ndiye aliyenifunika kanga nikijifungua Zuu, mama yangu mzazi akiwa Pemba.

Nikatia kafuri kwenye karatasi, pamba, na kanga mbili, nikatoka Ilford. Nikiwa njiani nikanunua tiketi kwenye simu, Paddington hadi Didcot na Didcot hadi Bristol, maana nauli kamili sikuiweza. Nikafika Paddington, treni yangu imefutwa kwenye ubao. Nikamuuliza kijana aliyevaa sare ya kampuni, akatazama simu yangu akasema panda hii inayoondoka sasa. Nikakimbia. Mlango ukafunga nyuma yangu.

Tulipotoka Reading wakatangaza kwamba kituo kinachofuata ni Swindon. Nikasimama. Nikaliona jina la Didcot likipita dirishani, mara moja, na likapotea. Mkaguzi alipofika nilimwonyesha tiketi mbili. Akasema treni hii haikusimama Didcot, kwa hiyo hizi hazifai, unatakiwa tiketi mpya kutoka London. Zaidi ya £100. Nilijibu kwa Kiswahili. Naapa Kiingereza chote kilinitoka, miaka kumi na moja ya Kiingereza. Nilifungua mkoba kutafuta kadi ya benki, ile karatasi ikafunguka, behewa zima likanuka kafuri. Yule mkaguzi akanyamaza. Nadhani hakuijua harufu ile, lakini alijua kuna jambo. Akasema samahani, sina la kufanya. Nikalipa pesa ya kodi ya nyumba.

Nilifika wameshamaliza kumuosha. Alikuwa ameshavishwa sanda. Walinifunulia uso nikamuaga.

Kafuri niliyobeba nilirudi nayo. Mpaka leo iko kabatini.

Bi Shufaa
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti. Pole mwanangu.

Nesi wa Coventry
Nimesoma nikiwa zamu, nimeingia chooni kulia. Pole dada.

Jirani_wa_Slough
Pole sana dada. Lakini tuseme ukweli ili wengine wajifunze: mkaguzi hakukosea. Sharti ni sharti. Treni haikusimama Didcot.

Msafiri_wa_Didcot
Ndugu, huo si ukweli wote. Treni yake ILIFUTWA. Kampuni imefuta treni, mfanyakazi wa kampuni akamwambia panda hii. Jukumu la kumfikisha ni la kampuni. Hakupaswa kutozwa hata senti.

Jirani_wa_Slough
Jukumu la kumfikisha, ndiyo. Hakuna palipoandikwa kwamba ni kwa treni yoyote. Angesubiri inayosimama.

Bi Shufaa
Asubiri, na maiti iko ubaoni? Wewe una mama?

Jirani_wa_Slough
Mama yangu alizikwa Tabora nikiwa hapa, nyaraka zangu zikiwa ofisini kwao. Sikumuaga kabisa. Msinifundishe uchungu.

Mwanamtama
Jamani, taratibu. Wote mmefiwa. Kaka, pole, sote hatukujua.

MamaZuu, je, uliwaandikia baadaye kudai?

MamaZuu
Sikudai. Matanga yalipoisha mwezi ulikuwa umepita. @Jirani_wa_Slough, Mungu amrehemu mama. Sijakasirika.

Msafiri_wa_Didcot
Hilo nalo liandikwe. Dai la fidia ya kuchelewa kwa kawaida lina siku 28. Kampuni nyingi zinaanza kulipa ukichelewa dakika 15: robo ya nauli. Nusu saa ni nusu, saa nzima ni nauli yote ya kwenda. Na ukiwa na tiketi za vipande unadai safari NZIMA, tiketi zote pamoja, si kile kipande kilichochelewa peke yake. Watu wengi wanadai kipande kimoja na kuacha pesa yao.

Na treni ikifutwa, kabla ya kupanda nyingine mwambie mfanyakazi akuandikie kwenye tiketi, au muombe jina lake. Dada yetu aliaminishwa kwa mdomo tu.

Mzalia wa Bukavu
Mi naungana na wa Slough na wa Didcot, wote. Mkaguzi alifuata sheria, na sheria haina moyo.

Fundi Umeme Bham
Mnazunguka sana na hivi vipande. Kwa sisi wa Birmingham jibu ni kupanda treni ya polepole. Za kampuni ya London Northwestern hadi Euston, au za Chiltern kutoka Moor Street hadi Marylebone, zote zinakufikisha London. Unachelewa kidogo na unabaki na pesa mfukoni. Mimi vipande niliviacha, kichwa kinaniuma.

Kijana wa Moshi
Weka Railcard juu ya hiyo ya polepole, ndugu. Hivyo vyote vinapandana.

Fundi Umeme Bham
Nina miaka 43. Hakuna kadi ya umri wangu.

Nesi wa Coventry
Ipo ukiwa mwanafunzi wa muda wote, hata ukiwa na miaka 43 unapata ile ya 16-25. Mimi nimesoma uuguzi nikiwa na 38 nikaipata. Ukiwa na mtoto wa miaka 5 hadi 15 kuna Family & Friends.

Kwa wa London: ipelekeni Railcard ya 16-25, 26-30 au ya wazee stesheni ya Underground (treni za chini ya ardhi), mfanyakazi aiunganishe na Oyster, ile kadi ya nauli ya London. Two Together na hii ya familia haziunganishwi. Saa zisizo na msongamano mnakatiwa theluthi. Ila mkigusa kwa kadi ya benki hampati punguzo hilo.

Binti Mlamali
Naogopa hizi kadi. Mwaka 2024 si kuna kijana alitishiwa mahakama kwa upungufu wa £1.90?

Msafiri_wa_Didcot
Ni kweli, na kisa kilikuwa ile 16-25. Siku za wiki asubuhi kabla ya saa nne ina kima cha chini cha nauli, yaani punguzo haliishushi nauli chini ya kiwango hicho, isipokuwa Julai na Agosti. Alisafiri kabla ya muda huo. Baadaye kesi iliondolewa. Mwaka huohuo hakimu mkuu alisema kesi za nauli zipatazo 74,000 ziliendeshwa kwa utaratibu usio halali, zifutwe. Usiogope kadi, zijue saa zake tu. Na simu iwe na chaji, ikizimika huna tiketi wala kadi.

Bi Shufaa
Mamangu alipokuja kutoka Tanga tulimkatia ya wazee dirishani kwa pasipoti yake, ana miaka 71. Aliiweka kwenye mkoba wa Qur'an. Alirudi nayo nyumbani, anaionyesha wageni.

Mama Kulwa
Samahani kwa kuchelewa kuingia. Jumamosi hii nina harusi Leeds, natoka London. Mimi, mdogo wangu, na Kulwa na Doto wa miaka tisa. Nifanye nini?

Nesi wa Coventry
Family & Friends leo hii. Watu wazima hadi wanne wanakatiwa theluthi, watoto hadi wanne wanakatiwa asilimia 60. Mwenye kadi awepo na mtoto mmoja awepo, si lazima muwe ndugu.

Mama Kulwa
Yaani bado nina nafasi za watu wazima wawili?

MamaZuu
Ni harusi ya binti wa Mzee Salum? Nami nimealikwa. Nilikuwa nimeamua kutokwenda kwa ajili ya nauli.

Mama Kulwa
Ndiyo hiyo! Njoo dada. King's Cross, saa mbili na nusu asubuhi. Ya Kiswahili.

Jirani_wa_Slough
Nafasi ya nne ina mtu? Bwana harusi ni mtoto wa rafiki yangu.

MamaZuu
Njoo kaka. Nitabeba vitumbua.