Gereji zinazopiga mdomo wa aina moja kwa paipu za breki za kila gari zikomeshwe

Ndugu zangu,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gereji moja hapa Kampala, yenye wateja wengi na bango kubwa, ilibadilisha paipu ya breki ya gurudumu la nyuma la Volkswagen yangu, ikanitoza shilingi 90,000 na kunihakikishia kwamba kazi imekamilika. Nilipokuwa nikiteremka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, kanyagio la breki lilizama ghafla na taa nyekundu ikawaka. Gari lilisimama kwa sababu moja tu: masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya magari ya siku hizi imegawanywa sehemu mbili, hivyo upande mmoja ukimwaga mafuta, mwingine huendelea kuyashika magurudumu yake mawili.

Paipu yenyewe ninayo mezani. Ni shaba laini, mdomo wake, yaani ncha inayobanwa na nati, umetanuliwa mara moja tu kwenda nje, na ukingoni una ufa mwembamba unaopita kutoka ndani hadi nje. Upande mmoja wa ukingo umebonyea kuliko mwingine, jambo linaloonyesha kwamba fundi aliona mafuta yakivuja, akakaza nati zaidi, yakavuja tena, akakaza tena. Mwisho akazungushia meno ya nati ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nilipoifungua, tepu ilikuwa imelowa mafuta ya breki na kukatika vipande vidogo, ambavyo vikiingia kwenye mfumo vinaweza kuziba matundu madogo ya kifaa cha ABS, kinachozuia magurudumu yasijifunge mtu anapofunga breki.

Fundi yeyote anayetengeneza breki anapaswa kujua kwamba meno ya nati hayazuii mafuta hata kidogo. Kazi ya nati ni kusukuma tu. Kinachozuia mafuta ni mdomo wa paipu unapobanwa, chuma kwa chuma, dhidi ya kikao, yaani sehemu ambayo mdomo huo hukaa, kilichomo ndani ya tundu. Kwa hiyo umbo la kikao ndilo linaloamua umbo la mdomo, wala si kifaa ambacho fundi anacho siku hiyo. Magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu, yana koni inayochomoza kutoka ndani ya tundu, na paipu yake huwa na mdomo wa nyuzi 45 uliokunjwa mara mbili ili ukingo uwe na tabaka mbili za chuma. Magari mengi ya Ulaya hayana koni hiyo: tundu lina kikao kilichoingia ndani, na paipu yake huishia kwa mdomo uliovimba kama kichwa cha uyoga, unaojulikana kwa jina la viwango vya ISO au DIN. Ukiuingiza mdomo wa nyuzi 45 katika kikao cha namna hiyo, unagusa ukingoni tu, na hapo hakuna nguvu ya mkono itakayozuia mafuta.

Tena hawakuhitaji hata kubahatisha, kwa sababu paipu ya zamani ilikuwa mikononi mwao, na mdomo wake wa uyoga ulikuwa mzima kabisa! Kilichohitajika ni kuitazama, kisha kuangaza tochi ndani ya tundu.

Nilipouliza kifaa walichotumia, nilionyeshwa kile cha mafundi wa friji. Kifaa hicho hutanua mdomo mara moja tu kwa nyuzi 45, na kwa friji kinatosha, kwa kuwa presha ndani ya friji la nyumbani haifiki bar 20 (bar ni kipimo cha presha). Mtu anapokanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya paipu inaweza kupita bar 100. Mdomo wa tabaka moja hupasuka chini ya mzigo huo, hasa kama paipu ilikatwa kwa msumeno na ncha yake haikupigwa tupa kabla ya kutanuliwa. Hiyo shaba tupu nayo huwa ngumu na kuchoka kutokana na mtikisiko wa gari. Paipu inayofaa ni ya chuma iliyopakwa kinga dhidi ya kutu, au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao hukunjika kwa urahisi na haushiki kutu upesi.

Nati nazo zina aina zake. Ile ya mdomo wa uyoga ina ncha bapa, na ile ya mdomo wa nyuzi 45 ina ncha iliyochongwa mshazari. Nati ya Kimarekani ya inchi 3/8 huingia katika tundu la milimita 10, inazunguka kidogo na kumridhisha fundi, kisha meno yanakatika siku mtu anapohitaji breki kuliko siku zote.

Gereji hiyohiyo ilitaka kushughulikia pia paipu ya petroli kwa kuikata na kuunganisha mpira kwa klipu. Paipu iliyokatwa wima, isiyo na kivimbe cha kuuzuia mpira, haifai kwa injini ya sindano (inayopuliziwa petroli kwa nozeli) ambayo pampu yake husukuma petroli kwa bar 3 au zaidi. Mpira huchomoka, na petroli humwagika karibu na ekzosi yenye moto. Wenye dizeli za komoni reli, ambazo nozeli zake zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa, ndio wasikubali kabisa, kwa sababu paipu zake za kwenda kwenye nozeli hubeba zaidi ya bar 1,000 na ncha zake huundwa kiwandani. Hizo hubadilishwa nzima.

Mwenye gereji alinijibu kwamba paipu zote ni sawa na kwamba wamefanya hivyo kwa miaka mingi bila lawama. Jibu hilo limeniudhi kuliko uvujaji wenyewe, kwa kuwa nilipokuwa pale waliiegesha taksi ya abiria 14, na fundi yuleyule akaichukua na kifaa kilekile cha friji akaingia chini yake. Nilimwambia dereva, naye akaniambia kwamba tajiri wake ndiye anayechagua gereji.

Nataka nirudishiwe fedha zangu zote, na nataka kifaa kile kiondolewe kwenye kazi ya breki. Malalamiko yangu nimeyaandika na kumpa mwenye gereji pamoja na picha za ule ufa. Kwa sasa gari liko Mbale na haliendeshwi. Kama kuna anayemjua fundi wa Mbale, Jinja au Kampala mwenye kifaa cha kupigia midomo yote miwili, wa nyuzi 45 uliokunjwa mara mbili na wa ISO, na mwenye nati za milimita 10 zenye ncha bapa, naomba aniandikie hapa, ataje na bei.