Waya wa spika wa laki tatu na nusu: sauti inafunguka au tunapigwa?

Mchana_Kweupe: Wakuu habari za jioni. Nina amplifaya ya mtumba ya Kijapani, wati 40 kila upande, na spika mbili za kusimama. Muuzaji mmoja Kariakoo ananiambia sauti haitafunguka mpaka niweke waya wa shaba isiyo na oksijeni, mita tano kila spika, 350,000. Juu yake misumari ya kukalishia spika na ekstensheni ya kuchuja umeme. Jumla inakaribia bei ya amplifaya yenyewe. Hivi vikorokoro vina kazi kweli?

Fundi_Solda: Usipigwe mkuu. Chukua waya laini wa umeme wa 2.5 mm. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa kama ohm 7 kwa kilomita. Mita tano kwenda na tano kurudi ni ohm 0.07, spika yako ni ohm 8. Haifiki hata asilimia moja. Hela yako weka kwenye kapeti na pazia zito, maana sebule ya tailizi yenye sofa moja inalia kama kisima. Toa spika kwenye kona, besi itaacha kuvimba. Vikorokoro waachie wenye majumba yao, siyo sisi wa chumba na sebule.

Binti_Tabata: Chumba na sebule imeingiaje hapa? Mpangaji hana masikio?

Sikio_Kali: Fundi na hesabu zako. Mimi nilibadilisha waya na nilisikia tofauti siku hiyohiyo, matoazi yakawa wazi. Ohm hazisikilizi muziki.

Mzee_wa_Kaseti: Kuna mzee wa mazingaombwe Marekani aliahidi dola milioni moja kwa atakayetofautisha waya wa bei mbaya na wa kawaida kwa masikio tu. Hakuna aliyechukua.

Sikio_Kali: Mzee wangu shikamoo, ila malizia hadithi. Ni James Randi, 2007, waya wa kampuni ya Pear wa dola 7,250. Hakuna aliyechukua kwa sababu jaribio halikufanyika.

Mzee_wa_Kaseti: Marahaba. Halikufanyika kwa sababu wenye waya walijitoa. Sasa hiyo inamsaidia nani?

Binti_Tabata: Bado namsubiri Fundi aniambie wapangaji wana kosa gani.

Jirani_Mwema: Kosa lenu ni LUKU! Tuko wapangaji watano, mita moja, tunachanga sawa. Mmoja ana sabufa limeandikwa wati 10,000, linapiga toka asubuhi. Wati elfu kumi ndugu zangu! Sisi wengine taa na feni tu.

Fundi_Solda: Hizo ni wati za PMPO, namba ya kutangazia biashara kwenye boksi. Geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma, mengi yameandikwa kama wati 60. Kwa saa tano kila siku ni uniti 9 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 inakula uniti nzima kwa saa.

Jirani_Mwema: Kwa hiyo umeamua mimi ndiye mwenye pasi?

Fundi_Solda: Sijasema.

Jirani_Mwema: Umesema. Na hizo uniti 9 unazozidharau ndizo zinazovusha nyumba zile uniti 75 za mwezi, tunatolewa kwenye bei ya watumiaji wadogo, wote tunaumia.

Binti_Tabata: Nyumba ya wapangaji watano ibaki chini ya 75? Na friji humo? Usimtwishe mwenye muziki mzigo wa nyumba nzima.

Mzee_wa_Kaseti: Zamani redio ilikuwa ya betri, kila mtu na mawe yake. Ugomvi huu haukuwepo.

Sikio_Kali: Zamani mzee mlisikiliza masafa mafupi yanayokoroma, ndiyo maana leo waya wote kwenu ni sawa.

Mzee_wa_Kaseti: Kijana, mimi nimesikiliza bendi zikipiga laivu ukumbini wewe hujazaliwa. Sauti ya gitaa naijua bila waya wako.

Mchana_Kweupe: Wakuu, tusigombane. Kuna kitu sikusema. Nikichomeka king'amuzi kwenye amplifaya kuna mlio wa "mmmm" hauishi. Muuzaji anasema hiyo ekstensheni ya kuchuja itaumaliza.

Fundi_Solda: Haitaumaliza, huo ni mzunguko wa athi (waya wa ardhini), umeme unazunguka kupitia waya wa dishi. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi usikilize. Mlio ukipotea, tafuta kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha kinachokaa kwenye waya wa sauti. Hicho ndicho kikorokoro pekee cha kununua. Athi ya ukutani usiikate, ni hatari.

Sikio_Kali: Kwa hiyo vikorokoro vinafanya kazi. Asante kwa kukubali.

Fundi_Solda: Soma tena nilichoandika.

Mchana_Kweupe: Na waya je? Nimeacha oda, anasubiri jibu kesho.

Jirani_Mwema: Kabla ya waya, tuambie: LUKU yako ni ya peke yako au mnachanga?