Relingi ya stenlesi imeota madoa ya kahawia ndani ya miezi tisa: kosa ni la bomba au la kazi?

Mlandege_77
Habari wanajamvi. Nyumba iko Kigamboni, kama mita 400 kutoka baharini. Relingi za baraza na za ngazi ya ndani ni bomba la stenlesi la duara, inchi 2, unene wa milimita 1.2. Miezi tisa tu imepita tangu zifungwe. Barazani upande wa chini wa mkono wa relingi umeingia madoa rangi ya chai ya rangi. Kwenye maungio ya kuchomelea madoa yamekolea zaidi. Halafu nguzo mbili zilizo jirani na geti zina vidoti vidogo vya kutu, kama zimenyunyiziwa.

Sumaku haishiki. Muuzaji anasema sumaku isiposhika basi hiyo ni 304 halisi (namba ya daraja la stenlesi), na kutu ni ya hewa ya bahari, haina dawa. Fundi anataka kupiga msasa zote na kupaka vanishi. Je, sumaku inatosha? Kuna cha kuokoa? Na ghorofani, ambako bado hakujafungwa kitu, ninunue nini?

welda_wa_argoni
Mkuu, vanishi hapana. Ikibanduka mahali padogo tu, chumvi na unyevu vinajificha chini yake, na hapo stenlesi inaliwa kwa vishimo usivyoviona.

Hayo madoa si ya aina moja. Mahali yalipo panasema chanzo chake.

Vidoti vya karibu na geti karibu hakika ni vumbi la chuma cha kawaida. Geti likikatwa kwa grainda, cheche zinaruka mita kadhaa na kunata kwenye bomba. Kinachoota kutu ni hizo chembe, lakini zikiachwa zinaanza kutoboa bomba lenyewe. Brashi ya waya ya chuma na stiliwaya ya kusugulia masufuria zina madhara hayohayo.

Kwenye maungio ni joto. Ile rangi ya dhahabu, bluu na kijivu inayobaki baada ya kuchomelea ni oksidi nene iliyovuta kromi, ile metali inayoipa stenlesi kinga ya kutu, kutoka chini yake, kwa hiyo ngozi iliyo chini imebaki maskini wa kromi. Stenlesi inajilinda kwa utando wa oksidi ya kromi, na inahitaji angalau asilimia 10.5 ya kromi ili utando huo ujijenge wenyewe. Rangi isipoondolewa pamoja na ngozi iliyo chini yake, kutu inaanzia hapohapo.

Anza na zile nguzo mbili. Gramu 100 za unga wa asidi ya sitriki kwa lita 1 ya maji. Osha bomba kwa sabuni kwanza, maana asidi haipenyi mafuta. Zungushia kitambaa kilicholowa, kilinde kisikauke kwa dakika 45, sugua kwa sponji laini, suuza kwa maji mengi ya bomba, kausha. Maji ya kisima chenye chumvi yatakurudisha nyuma.

Kwenye maungio sitriki peke yake haitoshi. Tumia diski ya msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, diski mpya ambazo hazijawahi kugusa chuma cha kawaida, mpaka rangi yote iishe. Halafu ndiyo sitriki. Kuna uji maalumu wa asidi unaofanya kazi hiyo haraka, ila mwingi una asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi mpaka mfupani. Asiye na glavu zake, kinga ya uso na jeli ya kalisi ya huduma ya kwanza asiuguse.

Kromi18
Hayo ni sahihi, ila suala la sumaku linawaponza watu wengi sana. Sumaku inatambua mpangilio wa chembe ndani ya chuma. Haitambui ubora. 430 haina nikeli na inashika sumaku. 304 ina kromi asilimia 18 hadi 20 na nikeli 8 hadi 10.5, haishiki, ingawa ikikunjwa bila kupashwa moto inaweza kushika kidogo. 201 nayo haishiki, lakini nikeli yake ni asilimia 3.5 hadi 5.5 tu, sehemu kubwa ya nikeli iliyopunguzwa imezibwa na manganizi, 5.5 hadi 7.5. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana sumaku haiwezi kuitofautisha na 304.

Tafuta kile kichupa cha dawa ya kupimia manganizi kinachotumia betri ya volti 9. Futa sehemu safi, tia tone, gusisha betri sekunde chache. Likigeuka jekundu, hiyo ni 201.

Swali moja: tailizi za baraza zilioshwa kwa asidi baada ya relingi kufungwa? Asidi ya kuondolea saruji ni haidrokloriki. Hata mvuke wake tu unavunja utando wa kromi. Jiki pia si rafiki.

Mlandege_77
Tailizi zilioshwa kwa asidi, ndiyo, relingi zikiwa tayari zimefungwa. Nguzo za getini zimetakata kabisa kwa sitriki. Chini ya mkono madoa yalitoka, wiki ya tatu yamerudi. Tone limekuwa jekundu.

Kromi18
Basi ni 201. Chini ya mkono yanarudi kwa sababu upepo wa kusi unaleta chumvi pale na mvua haifiki kuiosha. Ya ngazi ya ndani iache, itadumu. Ya barazani ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na upange kuibadilisha.

Ghorofani nunua 316L: nikeli 10 hadi 14, molibdenamu 2 hadi 3, na hiyo molibdenamu ndiyo inayozuia vishimo vya chumvi. Dai cheti cha kiwanda chenye namba inayolingana na iliyochapwa kwenye bomba. Chukua iliyong'arishwa kama kioo. Ya mistari inashika chumvi kwenye mifereji yake, na hata 316 ikikwaruzwa vibaya itaota rangi ya chai.

welda_wa_argoni
Waya wa kuchomelea uwe 316L pia, na 309L pale tu stenlesi inapoungana na chuma cha kawaida. Skrubu na nati ziwe 316, maana skrubu ya chuma cha kawaida ndani ya relingi kubwa ya stenlesi inaliwa haraka mno.

Bajeti ikigoma, bomba la chuma la milimita 2 lililochovywa kwenye zinki *baada* ya kuchomelewa, mikroni 55 hivi, kisha rangi, ni bora kuliko 201. Litobolewe matundu ya hewa kabla ya kuchovywa, la sivyo linaweza kulipuka. Na bomba lenye zinki tayari lisichomelewe kabla ya kusaga zinki sentimita 5 kila upande. Moshi wake unaleta homa usiku, na maziwa wanayokunywa mafundi hayaizuii. Kinga ni hewa ya kutosha na barakoa ya moshi.