Shule ya Kikatoliki yenye Blue Ribbon, hiyo tuzo ina uzito gani kweli?

mama_mapacha:
Habari zenu wakuu. Sisi tuko Marekani, mapacha wetu wanaingia darasa la pili mwakani. Parokia yetu ina shule ya msingi na pale getini kuna bango kubwa la National Blue Ribbon School, kila mzazi ninayemuuliza ananitajia hilo bango basi, hakuna la zaidi. Ada yao iko juu, alafu mmoja wa mapacha bado anasoma kwa shida, mwenzie yuko vizuri. Hiyo tuzo inapima nini hasa, na ni sababu ya kuacha shule ya serikali ambayo ni bure? Walimu wa pale nawaheshimu sana, nataka tu kuelewa.

mwl_hesabu:
Dada, hiyo tuzo ilikuwa haipatikani kirahisi, hongera yao kwanza. Wizara ya Elimu ya Marekani iliianzisha 1982, enzi za waziri Terrel Bell. Shule za serikali zilikuwa zinapendekezwa na wakuu wa elimu wa kila jimbo, za binafsi zikiwemo za Kikatoliki zinapitia baraza lao la CAPE na hao nafasi zao zilikuwa hazizidi 50 kwa mwaka nchi nzima. Kulikuwa na njia mbili, ama matokeo ya kusoma na hesabu yawe ya juu kabisa, ama shule iwe imepunguza pengo kati ya watoto wanaofanya vizuri na makundi yaliyoachwa nyuma. Waulize waliipata kwa njia ipi, maana kwa huyo wako anayesoma kwa shida hizo ni habari mbili tofauti.

La pili angalia mwaka. Wizara ilitangaza kuifuta hiyo programu Agosti 2025, kwa hiyo bango lolote la wizara ni la 2024 kurudi nyuma, na kama ni la miaka kumi iliyopita basi watoto waliofanya ile mitihani sasa hivi wako chuo na mwalimu mkuu pengine alishaondoka.

baba_K:
Naongezea kwa mwalimu hapo juu. Shule iliyoshinda ilijaza fomu ndefu na fomu za washindi zilikuwa zinawekwa wazi mtandaoni, itafute au waombe shule wakupe. Mle kuna sehemu ya shule binafsi, wanaandika ada, gharama halisi ya kumsomesha mtoto mmoja, na asilimia ya wanafunzi wanaosaidiwa ada. Mi ndo sehemu niliyosoma kwa makini kuliko zote, maana shule nyingi za parokia ada haifiki gharama halisi, kinachobaki kinazibwa na michango ya waumini, na ukishajua hilo hata kuomba punguzo huoni aibu tena.

mlezi_wa_jioni:
Mama mapacha mi wasiwasi wangu ni huyo mtoto mmoja. Shule ya serikali inabanwa na sheria ya IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, mtoto akithibitika ana tatizo la kujifunza anapata IEP, yaani mpango wake mwenyewe wa masomo ulioandikwa, na wewe mzazi unaweza kuidai. Shule binafsi haibanwi hivyo, inasaidia kadiri ya uwezo wake. Shule moja tuliyokuwepo sisi ilikuwa na sifa kubwa tu, lakini mwalimu wa kusaidia kusoma hawakuwa naye na wetu alikaa mwaka mzima anapelekwa pelekwa tu, iliniuma sana. Ila jua hili, wilaya ya shule za serikali inatakiwa kumpima mtoto bure hata kama anasoma shule binafsi. Andika barua kuomba, usiishie kuongea kwa simu.

parokiani:
Nakubali yote ila tusizidharau hizi shule jamani. Maaskofu waliokutana Baltimore 1884 walitaka kila parokia iwe na shule yake na masista wakazibeba kwa mishahara midogo mno, miaka ya 60 zilikuwa kama 13,000, leo hata 6,000 hazifiki na karibu walimu wote ni walei wanaohitaji mshahara wa kuishi. Kwenye mitihani ya taifa ya NAEP wastani wa watoto wa shule za Kikatoliki darasa la nne na la nane uko juu ya wa shule za serikali. Ndiyo, wazazi wenyewe wamechagua na wanafuatilia, hilo lina mchango, lakini kazi ya walimu ipo. Na tuzo yenyewe ilikuwa haiji na hela, walikuwa wanapewa bendera na kibao, kwa hiyo walioihangaikia waliihangaikia kwa ajili ya watoto.

mama_mapacha:
Asanteni mno. Nimeuliza ofisini, ni ya 2017 na waliipata kwa matokeo ya juu, si kwa pengo. Barua ya kupimwa mtoto naipeleka wilayani wiki hii, na nimeomba kukaa darasa la pili asubuhi moja nione anayechelewa kusoma anafanyiwa nini. Wamekubali bila shida.

mlezi_wa_jioni:
Safi sana. Ukiwa pale uliza pia kama mwalimu wa kusaidia kusoma ni wa kila siku au anakuja mara moja kwa wiki.