Kitabu Kiko kwa Nani?

*Kikundi: Ukoo wa Kiwira*

*Alhamisi*

Mwalimu 06:48
Habari za asubuhi wana ukoo. Nakumbusha kwa mara ya tatu. Jumamosi saa tisa alasiri, kwangu Soweto hapa Mbeya, tunazungumzia kile kitabu cha Mma Ramotswe, mama mpelelezi wa Botswana. Kitabu kiko kwa nani? Ni cha kuazima, mwenyewe anakidai, na Shemeji wa Iringa hajaona hata jalada.

Mwalimu 06:50
Mchango elfu tano, chai na maandazi.

Mwalimu 09:05
Mbona mmesoma wote mmenyamaza?

Mama Lusajo 09:31
Samahani wifi, nilikuwa sokoni Mwanjelwa. Mimi nilimpa Baba Gwamaka.

Baba Gwamaka 09:40
Nami nikampa Lusajo. Tena nilikimaliza kwa siku mbili, na nasema wazi sikukipenda. Mpelelezi gani huyo, kutwa chai? Botswana nzima ni watu wapole na ng'ombe. Kitabu kimetoka 1998, UKIMWI unazika watu nchi ile, lakini humo ugonjwa ni kama uko kijiji cha mbali. Mzungu anatupenda tukiwa tunatabasamu.

Mwalimu 09:52
Kaka, mwandishi mwenyewe, Alexander McCall Smith, amezaliwa Bulawayo, 1948. Amefundisha sheria Chuo Kikuu cha Botswana. Hakuiona nchi ile kwenye dirisha la ndege. Na mimi nimechoka kusoma Afrika ya bunduki na njaa tu. Humu nimekuta mama mnene, ana akili, ana gari lake dogo jeupe, na kila anapoingia anaitwa Mma kwa heshima. Mara ya mwisho mlimsoma wapi mama kama huyo?

Mama Lusajo 09:58
Pale alipovaa unesi! Yule baba wa uongo kaja kula bure kwa binti, anaambiwa mwanao anahitaji damu yako, na huenda ukafa. Alivyoruka 😂 Nilicheka mpaka ugali ukaungua.

Tumpe 12:20
Shikamooni. Mimi mtoto alipopotea, ikaanza kusemwa ni mambo ya waganga, nilikifunga. Sisi wa Mbeya hatuwezi kusoma kipande kile kama hadithi tu.

Lusajo 12:24
Usiogope Tumpe, anapatikana mzima.

Shemeji Iringa 12:25
Lusajo!! Mimi sijasoma!

Lusajo 12:25
Samahani Mjomba 🙏

Mwalimu 12:27
Kumbe Lusajo upo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe stendi, umkabidhi kondakta wa basi la Iringa. Andika jina na namba ya simu juu ya bahasha.

Shemeji Iringa 12:31
Hiyo chai ya porini anayokunywa ni ipi? Kama inakaribiana na ulanzi nakuja hata bila kusoma.

Mama Lusajo 12:33
Ni majani mekundu ya Afrika Kusini, shemeji. Rungwe yote ni chai, halafu tununue majani ya watu!

Lusajo 12:34
Mjomba aje na dumu.

Shemeji Iringa 12:34
Moja au mawili?

Mwalimu 12:40
Jamani, tuache ulanzi. Lusajo, umeelewa habari ya stendi?

Mwalimu 20:15
Niseme kilichonishika. Baba yake Mma Ramotswe, Obed. Alichimba migodi ya Afrika Kusini, kifua kikaharibika, alichopata akanunulia ng'ombe. Akamwachia binti. Yuko kitandani, anamwambia afungue biashara, hata bucha. Binti anamjibu atafungua ofisi ya upelelezi. Mzee anataka kusema neno, roho inatoka. Binti akauza ng'ombe, akafungua. Niliweka kitabu chini nikalia. Anayejua anajua.

Baba Gwamaka 20:22
Naomba tusianze.

Mwalimu 20:22
Sijaanza. Nimesoma.

Baba Gwamaka 20:24
Wale ng'ombe walilipa ada.

Mwalimu 20:24
Za nani?

Lusajo 20:26
Shangazi, elfu tano naweza kutuma kwa simu?

Tumpe 20:51
Niko kwa Bibi. Nimemsomea yote, tangu asubuhi. Anasema niandike kama alivyosema:

"Ndaga, wanangu. Mume wangu alichukuliwa na Wenela, wale waandikishaji wa migodini, kwenda Joni, Johannesburg. Alirudi na blanketi, sanduku la bati na kile kikohozi. Ng'ombe wale aliwanunua kwa kifua chake. Siku ya mwisho hakutaja kijana wala binti, alisema watoto wangu. Mimi nilikuwepo, na nimenyamaza. Jumamosi mniletee hicho kitabu. Nataka kusikia pale baba anapoaga, na msomaji awe Baba Gwamaka."

*Ijumaa*

Lusajo 05:40
Shikamoo Shangazi. Niko stendi. Sasa nikitume Iringa au nikirudishe?

Mwalimu 05:58
Marahaba. Usikitume kwanza.

Shemeji Iringa 06:30
Na mimi je?

Mama Lusajo 08:12
Kwa hiyo tunakutana Soweto au kwa Bibi?

Mwalimu 08:30
Nasubiri Kaka aseme.

Baba Gwamaka 11:47
Mama, nimesikia. Kesho nina safari ya Tunduma, sijui kama nitawahi saa tisa. Lusajo, hicho kipande kiko ukurasa wa ngapi?